Kubebwa au Kurudishiwa Haki?

Siku chache zilizopita tulialikwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, kuwapa hongera wazazi ambao binti yao ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi. Kahawa ilimiminwa, kaimati zikaletwa, dua ikasomwa. Kisha bibi mmoja mtu mzima, kwa mzaha usio na ubaya wowote moyoni mwake, akamwambia binti: "Hongera, mwanangu. Lakini nyinyi wasichana wa siku hizi mwabebwa. Mjukuu wangu wa kiume alikuwa na pointi sawa na zako, na nafasi hiyo hakuipata." Wanawake wakacheka. Binti hakucheka. Aliinamisha macho, akaanza kukusanya vikombe ambavyo kahawa yake ilikuwa haijamalizika.

Tuliondoka na picha ya vikombe vile. Neno "kubebwa" ni jepesi ulimini, lakini uzito wake humwelemea anayeambiwa. Na ndani ya mzaha ule mlikuwa na swali la kweli. Kwa miaka mingi nchini Kenya wasichana wamekubaliwa kuingia vyuo vikuu vya umma kwa pointi chache pungufu kuliko wavulana. Je, ni haki kumshushia mtu kizingiti kwa sababu ya kundi alilozaliwa nalo, ilhali mwenzake wa kundi jingine anabaki nje? Nchi ambayo swali hili limevuma zaidi ni Marekani, ambako kizingiti kilichobishaniwa hakikuwa cha jinsia bali cha rangi. Tumeona ni vyema wiki hii tuyatazame waliyoyapitia wenzetu hao, kwa kuwa yamo ndani yake mafunzo yanayotuhusu sisi, watoto wetu na ndimi zetu.

Mnyororo na mashindano ya mbio

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, na mwaka 1868 Marekebisho ya 14 ya Katiba yakaahidi kwamba kila mtu atapata ulinzi sawa wa sheria. Ahadi hiyo haikudumu. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilihalalisha kuwatenga watu weusi mradi tu huduma zao ziitwe sawa na za weupe. Hazikuwa sawa hata siku moja. Ilipasa kungoja mpaka tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, ndipo Mahakama hiyo hiyo iseme kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kuivunja Katiba. Msomaji na ahesabu: tangu kukomeshwa utumwa hadi hukumu hiyo ilipita miaka 89. Mtu alizaliwa huru, akakua, akazeeka na kuzikwa bila kuiona shule aliyostahiki.

Tarehe 6 Machi 1961 Rais John F. Kennedy alitia saini amri iliyowataka wenye kandarasi za serikali kuchukua hatua za makusudi kuhakikisha kwamba waombaji kazi wanaajiriwa bila kujali rangi wala asili yao. Aliyechangia kuliingiza neno hilo la hatua za makusudi katika amri ile alikuwa Hobart Taylor, mwanasheria mweusi. Hapo mwanzo, basi, maana yake haikuwa kumpa mtu mweusi cha ziada. Ilikuwa kuhakikisha hanyimwi kilicho chake.

Mwaka 1964 ikapitishwa Sheria ya Haki za Raia. Lakini mwezi Juni 1965 Rais Lyndon Johnson, akihutubia katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, alieleza kwa nini sheria peke yake haikutosha. Alitoa mfano wa mtu aliyefungwa minyororo kwa miaka mingi, kisha akafunguliwa, akapelekwa kwenye mstari wa kuanzia mbio na kuambiwa kwamba sasa yu huru kushindana na wengine wote. Je, huko ni kumtendea haki? Miezi mitatu baadaye alitoa amri nyingine yenye nguvu zaidi, na mwaka 1967 wanawake wakaongezwa humo. Mlango uliogongwa na watu weusi ukapitiwa na wanawake wa rangi zote.

Aliyebaki nje

Vyuo vikuu navyo vikaanza kutenga nafasi. Chuo cha udaktari cha Davis, katika jimbo la California, kilikuwa na nafasi 100 kila mwaka, na 16 kati ya hizo ziliwekwa kando kwa ajili ya wanafunzi wa makundi yaliyonyimwa. Kijana mmoja mweupe, Allan Bakke, aliomba mwaka 1973 akakataliwa, akaomba tena mwaka uliofuata akakataliwa, ilhali alama zake zilipita za baadhi ya waliochukuliwa katika zile nafasi 16. Akaenda mahakamani.

Hukumu ya mwaka 1978 ilikuwa ya kukata kati. Mahakama ya Juu ilisema kutenga idadi maalumu ya viti kwa rangi hakufai, na Bakke akaingia chuoni. Hata hivyo, ilikubali kwamba chuo kinaweza kuizingatia rangi kama jambo moja kati ya mengi, kwa kuwa darasa lenye watu wa asili mbalimbali huwanufaisha wote. Hapo ndipo mjadala ulipogeuka njia. Hoja ya kwanza ilikuwa ya deni: watu hawa walidhulumiwa, na aliyedhulumiwa hulipwa. Hoja ya pili ikawa ya manufaa: mchanganyiko ni mzuri kwa darasa. Ya pili ilipita mahakamani, nayo ya kwanza ikawekwa pembeni. Twaona hilo lilikuwa na gharama yake, kwani deni likiacha kutajwa, anayelipwa huanza kuonekana kama anayepewa sadaka.

Mwaka 2003, katika kesi ya chuo cha sheria cha Michigan, Mahakama iliukubali tena utaratibu huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, aliandika kuwa anatarajia baada ya miaka 25 hautahitajika tena. Haikufika miaka hiyo. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, majaji walio wengi wakiongozwa na Jaji Mkuu John Roberts waliamua kwamba vyuo haviruhusiwi tena kuitumia rangi kuchagua wanafunzi. Mwanafunzi angali anaweza kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyoyaathiri maisha yake, lakini apimwe kama mtu, si kama kundi. Na mnamo Januari 2025 Rais Donald Trump akaifuta ile amri ya Johnson ya mwaka 1965.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika sehemu ya kesi hii ya mwisho iliyoihusu Harvard, waliosemwa kudhulumiwa hawakuwa watu weupe. Walikuwa wanafunzi wenye asili ya Asia, wengi wao watoto wa wahamiaji, ambao ilidaiwa kuwa alama zao za juu hazikuwafaa kwa sababu ya asili yao. Wazazi wao hawakumfunga mtu mnyororo. Hasara yao ilikuwa ya kweli, kama ilivyo ya kweli hasara ya mjukuu wa yule bibi wa Mji wa Kale. Mwenye kutetea usawazishaji asijifanye haioni.

Majaji wawili, shule moja

Kati ya majaji wa mwaka 2023 walikuwamo wawili ambao maisha yao yatufundisha kuliko hukumu zenyewe.

Wa kwanza ni Clarence Thomas, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji maskini cha Georgia na kulelewa na babu yake, mzee ambaye hakupata elimu ya kutosha. Alifika mpaka Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu sheria mwaka 1974, wakati chuo hicho kilikuwa na utaratibu wa kuwainua wanafunzi weusi. Alipotafuta kazi, kwa maelezo yake mwenyewe, waajiri walikuwa wakimtilia shaka: kwamba alifika Yale kwa rangi, si kwa akili. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2007 anasimulia kwamba kwa uchungu alichukua kibandiko cha bei ya senti 15 akakibandika kwenye fremu ya cheti chake. Hiyo ndiyo thamani aliyohisi watu wanaipa shahada yake. Mwaka 2023 alipiga kura ya kuuondoa utaratibu huo.

Wa pili ni Sonia Sotomayor, aliyezaliwa mwaka 1954 mtaani Bronx, New York, kwa wazazi waliotoka Puerto Rico. Baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka tisa, na mama yake, muuguzi, akamlea. Alikwenda Princeton, kisha akahitimu sheria Yale mwaka 1979, miaka mitano baada ya Thomas. Yeye hakuficha kamwe kwamba usawazishaji ndio uliomfungulia mlango. Hukumbusha tu kwamba alipokwisha kuingia alihitimu Princeton akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa. Mwaka 2023 aliandika hukumu ya kupinga.

Mlango ni mmoja, shule ni moja, na mioyo ni miwili. Mmoja alibaki na kibandiko cha senti 15, mwingine na shukrani. Hatuthubutu kumlaumu Thomas. Watu walimtia doa kwa midomo yao, naye akalibeba maisha yake yote. Tulipolisoma jambo hilo tulimkumbuka binti wa vikombe, tukajiuliza ni vibandiko vingapi tumevibandika sisi, kwa mzaha, juu ya vyeti vya watoto wetu wenyewe.

Ni nani hasa wa kuinuliwa?

Swali jingine linaloumiza vichwa ni hili: ukisema kundi fulani liinuliwe, je, kila mtu wa kundi hilo anahitaji kuinuliwa? Barack Obama, mtoto wa mwanafunzi aliyetoka Kenya kwenda Hawaii mwaka 1959, alikiri mwaka 1990, akiwa bado mwanafunzi wa sheria Harvard, kuwa bila shaka naye alinufaika na utaratibu huo. Lakini alipoulizwa mwaka 2007 kuhusu binti zake mwenyewe, alisema vyuo viwahesabu kuwa watoto waliokwisha kubahatika, na kwamba mtoto mweupe aliyekulia katika ufukara astahili pia kuangaliwa. Mwaka 2004 maprofesa wawili weusi wa Harvard, Lani Guinier na Henry Louis Gates, waliibua jambo lililokuwa likisemwa chinichini: kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi weusi wa chuo hicho walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, si wajukuu wa wale waliotumikishwa mashambani Marekani. Familia zetu zilizo na jamaa huko zina haja ya kulitafakari hili kwa unyenyekevu. Tumepita katika mlango ambao wengine waliuvunja kwa damu.

Tena, rangi yenyewe haipimiki kama unga. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa Msiria aitwaye George Dow ni mtu mweupe, na baadaye Waarabu wakahesabiwa weupe katika madaftari ya serikali. Mwaka 2024 tu ndipo ilipotangazwa kwamba watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini watakuwa na fungu lao. Sasa mchukue mtoto wa Mombasa ambaye babu yake ni Mhadhrami na bibi yake ni Mdigo, umpe fomu ile ajaze. Atie alama wapi? Wazee wetu hawatalishangaa swali hilo. Serikali ya kikoloni nayo iliwapanga watu wa Pwani kwa mafungu ya Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika, na kila fungu likawa na shule zake na wakilishi wake katika baraza la kutunga sheria. Ndugu wa damu moja walijikuta wakigombania fungu la kuandikwa.

Baada ya hukumu

Je, kulikuwa na tofauti utaratibu ulipoondolewa? California iliupiga marufuku kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Mwaka uliofuata darasa jipya la chuo cha sheria cha Berkeley liliingia na mwanafunzi mweusi mmoja tu. Baada ya hukumu ya mwaka 2023, wanafunzi weusi walioingia chuo cha teknolojia cha MIT walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 hadi asilimia 5. Lakini Yale, ambako walikuwa asilimia 14, walibaki asilimia 14. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mahali mlango umefungwa, wala si kweli kwamba hapana kilichopotea.

Wapo wanaosema alama pekee ndizo ziwe mizani. Wazee wetu walisema kupata si kwa werevu, na kukosa si kwa ujinga. Vyuo vingi mashuhuri vya Marekani vimekuwa vikiwapa nafuu watoto wa waliosoma hapo zamani, na watoto hao kwa kawaida ni wa matajiri. Hao hawaambiwi kwamba wamebebwa. Neno hilo huwekewa maskini.

Na sisi je?

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuogopa deni. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia na asili, na papo hapo chaiagiza serikali ichukue hatua za kuwarekebishia waliodhulumiwa na ubaguzi wa zamani. Kifungu hicho pia chasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vinavyochaguliwa au kuteuliwa. Bunge liliposhindwa kutunga sheria ya kulitekeleza hilo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais mwezi Septemba 2020 alivunje; halikuvunjwa. Kifungu cha 204 nacho kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, ili maji, barabara, hospitali na umeme vifike katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu zilikuwamo katika orodha ya kwanza. Hazina hiyo iliwekewa miaka 20. Kama ile miaka 25 ya Jaji O'Connor, muda huwekwa kwa matumaini, na matumaini hayachimbi kisima. Mtoto wa Tana River anayetembea kutafuta maji alfajiri ameshapoteza pointi kabla hajaandika jina lake kwenye mtihani.

Hapa ndipo tunapofikia rai yetu. Kumshushia mtu kizingiti mlangoni mwa chuo kikuu ni dawa inayokuja mwisho wa ugonjwa. Madhali ugonjwa upo, dawa ni ya haki, na anayeinywa hana la kuonea haya. Lakini afya yenyewe hutafutwa mapema zaidi: katika shule ya msingi yenye walimu, katika nyumba ambayo karo ikipungua si binti anayeambiwa akae, katika jiko ambalo kazi zake hugawiwa mtoto wa kike na wa kiume ili wote wapate saa ya kusoma.

Dini yetu haikutuachia shaka juu ya asili ya mambo haya. Katika Hija ya kuaga, Mtume wetu (S.A.W.) alitangaza kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, isipokuwa kwa uchamungu. Malcolm X alilishuhudia hilo Makka mwezi Aprili 1964, alipokula na kuswali pamoja na Waislamu wa kila rangi, akaandika kulieleza. Oktoba mwaka huo huo alifika Tanzania na Kenya. Walakini tujiulize kwa kweli: posa ijapo mlangoni mwetu, swali la kwanza ni la uchamungu wa kijana, au ni la kabila na rangi yake? Asiyeweza kujibu hilo bila kusitasita asiwe mwepesi wa kuwahukumu Wamarekani.

Tulimpigia simu mama wa yule binti kumuomba radhi, kwa kuwa siku ile tulikuwapo na tulinyamaza. Alituambia kwamba usiku ule mwanawe alimuuliza kama aiache nafasi, apewe mwingine aliyestahiki. Mama akamkalisha, akamhesabia: miaka minne ya kuamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza kabla ya kwenda shule, muhula mzima aliokaa nyumbani kumuuguza nyanya yake huku kaka zake wakienda darasani. "Nikamwambia, mwanangu, hizo ndizo pointi zako zilizokosekana. Hakuna aliyekuzidishia. Ndizo hizo zimerudi."

Yule bibi naye, tumesikia, amempelekea binti sanduku la safari. Na mjukuu wake ataomba tena mwaka ujao. Twamuombea Mwenyezi Mungu apate, na twaiomba serikali iongeze viti, ili siku moja watoto wetu wasigombanishwe kwa kimoja.